Somo yangu, nimekubali dripu

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nlilia, ya pili nkamsikilizisha baba watoto, ya tatu nkaisikiliza peke yangu usiku watoto washalala. Nlitaka nikujibu kwa voisi na mie lakini kila nikianza sauti inakatika, na haya mambo ni marefu, nkaona bora nikae niandike, we utasoma kidogo kidogo ukiwa umetulia.

Umeniuliza swali ambalo hapa Wete kila anokuja kunipa pole ananiuliza: kama ziwa lishakatwa kwa saratani na uvimbe ushatoka wote, dripu za nini tena, hizi za kemo, dawa ya kuua chembe za saratani? Mama mkwe kauliza, dada zangu wameuliza, na mie mwenyewe nlimuuliza daktari hivyo hivyo kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Mana somo mie sasa siumwi. Kidonda kishakauka, mkono naunyanyua mpaka juu ya kichwa, wiki iliyopita nimekuna nazi mwenyewe. Yule mtu ulomletea uji wa mchele hospitali akawa hawezi hata kugeuka siye huyu. Sasa mtu kama huyo anaambiwa aondoke kwake, aache wanawe, akatiwe dawa kali mwilini miezi sita, ateme, anyonyoke nywele, kwa ajili ya kitu ambacho hakuna alokiona. Hapo ndo nlipokwama.

Nianzie kwenye ripoti mana ndo iloamua kila kitu. Ile siku nlovuka kutoka Pemba kuja Unguja kuichukua wewe ulikuwa msibani Makunduchi, nlikwenda peke yangu nkalala kwa kaka Michenzani. Ilikuwa imechelewa, wiki nne nzima toka opareshi, na hapo bado nlikuwa na uchungu wa yale ya mwanzo, miezi minane nlokuwa naambiwa kwenye kituo kimoja kwamba ni maziwa yameganda, na mtoto nshamwachisha kunyonya zamani. Haya, yashapita hayo. Ripoti inasema uvimbe sentimita 1.8, kingo safi, yaani walipokata hawakuacha kitu pembeni, tezi 12 za kwapani zote hazina saratani. Nliposikia tezi safi nlisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka nesi akageuka. Alafu gredi 3, maana yake chembe zake zinazaana kwa kasi. Alafu mstari wa mwisho: estrojeni hasi, projesteroni hasi, HER2 hasi.

Wallahi somo mie nkafurahi. Kwetu sisi kipimo kikija negativu si ndo salama, cha malaria, cha ukimwi, chochote. Nkamwambia daktari "kwaiyo hamna kitu". Akanyamaza kidogo, akavuta kiti karibu.

Akanambia chembe nyingi za saratani ya ziwa huwa na vitasa kwa nje, homoni zetu wenyewe za kike ndo funguo zake, zikiingia chembe inapata nguvu ya kukua. Kwa hao wenye vitasa kuna vidonge vya kuziba, ndo ile tamoksifeni anomeza mama yako mdogo wa Chake, kila siku kimoja, mwaka wa nne sasa. HER2 nayo ni kitasa cha aina nyengine na ina sindano yake. Saratani yangu mie haina hata kimoja kati ya vyote vitatu, ndo wanaita tripo negativu, hasi tatu. Kidonge cha mama mdogo mie hata nikimeza miaka kumi hakina pa kushika. Akasema hii si aina ya wengi, ni kama 10 mpaka 15 katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya ziwa duniani, lakini sisi wanawake wa Kiafrika inatupata zaidi, na wenye umri mdogo zaidi. Mie nna 39.

Kwaiyo somo ukae nalo hili moja, mana ndo jibu la swali lako. Mama mdogo alipomaliza kutibiwa alitoka hospitali na ulinzi mkononi wa miaka na miaka. Mie nikitoka bila dripu natoka mikono mitupu. Ulinzi wangu ni huu mmoja na wakati wake ni sasa hivi, hauwekwi akiba.

Unayajua makonde yetu yalivyo na ndago. Unang'oa asubuhi nzima mpaka mgongo unauma, konde linakuwa jeupe, kila apitaye anakusifu, na we unajua chini kule vile viazi vidogo vidogo vimebaki, na mvua ya kwanza tu vinachomoza. Daktari hakunambia ndago, hiyo ni ya kwangu, alisema tu kwamba chembe moja moja huenda zishatoka ziwani kwa njia ya damu kabla ya kisu, hata kama tezi ni safi, na hakuna picha wala kipimo kikubwa kinachoweza kuziona zikiwa chache hivyo. Huenda zipo, huenda hazipo. Dripu inakwenda mwili mzima, kisu kinakwenda pale pale tu. Nlipoyafikiria kwa ndago ndo yakanikaa.

Nkamwambia sawa, lakini nambie kwa hesabu, mie nimesomesha hesabu skuli miaka 14 nitafahamu. Akanambia wataalamu walikusanya majaribio mengi sana ya dawa hizi, maelfu ya wanawake, wakaona zinapunguza vifo vya saratani ya ziwa kwa karibu theluthi moja. Akachukua kalamu, akasema tuchukulie mfano tu, wanawake 100 wanaofanana wasipopewa dripu wafe 24, wakipewa wanakufa 16. Wale wanane ndo faida. Nkatazama ile karatasi nkaona kitu kilichoniuma, kwamba katika mfano ule 76 wangepona hata bila dripu na bado nao watateseka nayo, na wale 16 itawatesa na isiwasaidie. Na hakuna wa kukwambia wewe uko kundi gani. Nkamuuliza na mie niko wapi, akasema hilo analijua Mwenyezi Mungu peke yake. Nlimpenda kwa jibu lile. Angeniahidi nisingemuamini.

Akanambia pia si kila mwenye hasi tatu anapewa. Uvimbe ukiwa haufiki nusu sentimita na tezi safi, mara nyingi wanaacha, faida inakuwa ndogo kuliko madhara. Baina ya nusu na moja hapo mnakaa mnazungumza. Ukishapita sentimita moja kwa aina hii ushauri ni upewe. Wangu 1.8, tena gredi 3.

Yule dada wa jirani yako unosema alianza dripu kwanza akakatwa baadae, nimemuuliza na hilo pia mana lilinitia wasiwasi nkadhani mie nimekosewa. Wakiona uvimbe umepita sentimita mbili au tezi zishaingiwa, kwa aina hii wanapendelea kuanza na dripu ili waone unavyoyeyuka. Ukikuta wakati wa kukata haupo kabisa, hiyo ni bishara njema sana, na kama kumebaki kitu basi kuna vidonge vya kapesitabini vya kuongezea. Nchi zenye uwezo wanaongeza na sindano ya kuamsha kinga ya mwili, pembrolizumabu, Marekani waliipitisha kwa hawa wa mapema mwaka 2021, bei yake somo hata usiulize. Wangu ulikuwa mdogo na tezi safi kwaiyo kisu kwanza si kosa.

Na mionzi sendi. Hii wengi wanachanganya. Kwa vile ziwa limetoka lote, uvimbe mdogo, tezi safi, haihitajiki. Ningebakisha ziwa nikatolewa uvimbe peke yake ingelazimika niende hospitali ya Ocean Road Dar wiki kadhaa. Daktari alinieleza mapema kwamba katika kuishi njia zote mbili ni sawa, mie ndo nlochagua litoke lote, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuniweka Dar wala moyo wa kuacha watoto mara mbili. Wakati mwengine najitazama kwenye kioo najiuliza kama nlifanya haraka. Nshakwambia wewe tu hili.

Sasa kuna njia mbili za dripu. Ya kwanza ni doksorubisini na siklofosfamidi pamoja, mara nne, kila baada ya wiki tatu, ukimaliza unaingia paklitakseli kila wiki mara 12. Piga hesabu ni wiki 24. Ya pili ni dosetakseli na siklofosfamidi, mara nne tu, wiki 12 umemaliza unarudi kwako. Bila shaka nliikimbilia ya pili. Tena ile doksorubisini ndo ile nyekundu wanayoiogopa watu, inaweza kuudhoofisha moyo, ndo mana kabla hujaanza unapigwa eko, ile picha ya kuutazama moyo unavyofanya kazi, na kuna kiwango hawakivuki maisha yako yote. Daktari akasema ya pili si kosa, watu wanapewa, lakini kwa umri wangu na gredi 3 na hasi tatu yeye anaona ya kwanza ina nguvu zaidi kidogo, na moyo ukionekana hauko sawa basi tunakwenda ya pili bila kugombana. Nkalala nalo siku mbili. Mwisho nlisema kama ulinzi wenyewe ni huu mmoja, sitaki siku nimekaa na wanangu nijiulize kwa nini nlipunguza.

Lililonichukua wiki nzima si moyo wala nywele. Ni hedhi. Dripu hizi zinaweza kukata hedhi, kwa mdogo hurudi, kwa anokaribia arubaini huenda isirudi tena. Na unajua baba watoto alikuwa anataka mmoja zaidi, na mie pia, hata jina tulikuwa nalo. Nilimwambia usiku, kwenye giza, mana mchana nisingeweza. Hakujibu kitu. Alfajiri akaenda msikitini, akarudi, akakaa kizingitini akavua viatu polepole, akasema "watoto watatu washakuja, mama mwengine nani atawaletea". Basi, tukanywa chai.

Upande wa mama mkwe ilikuwa kazi. Yeye anaamini chuma kikishagusa ugonjwa hutawanyika, kwaiyo toka opareshi alikuwa kama ananitazama kwa huruma ya mtu alokwishaondoka. Alafu kuna yule bibi wa mtaa wa pili, alipigwa dripu akafa, kila mtu anamtaja. Nlikwenda kwa bintiye nkamuuliza. Mama yake alikwenda hospitali ziwa lishapasuka linatoa usaha, na ini lishaingiwa. Alimficha kila mtu miaka miwili. Hakuuliwa na dripu bibi yule, aliuliwa na ile miaka miwili, na inanikera kila nikisikia jina lake linatumika kuwatia watu hofu, hali yeye mwenyewe angetaka tuende mapema. Nkamwambia mama mkwe yote hayo kwa adabu. Akanyamaza, akaniletea kombe, yale maji ya aya za Qurani. Kombe nimekunywa, na dua naziomba na nakuomba na wewe uniombee, lakini mizizi yake nimeirudisha, nimemwambia daktari kasema miti shamba inaweza kugombana na dawa ndani ya damu au kuumiza ini. Hakupenda. Atazoea.

Wakati ndo ulikuwa mtihani wa mwisho. Wazee walishauri nisubiri karafuu. Na hawakukosea kwa upande wao, pesa ya Pemba iko juu ya mti, na mwaka huu mikarafuu ya eka aloniachia baba imezaa mashaallah, tungevuna, tukaanika, tukapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mie naondoka na pesa yangu kamili. Lakini ni miezi mitatu mengine. Daktari alinambia wanapenda uanze ndani ya wiki nne mpaka sita toka opareshi, na ikishapita miezi mitatu imeonekana matokeo yanakuwa mabaya zaidi, hasa kwa aina yangu hii yenye haraka. Mie leo niko wiki ya tano. Kwaiyo tumeikodisha mikarafuu, mavuno yote yakiwa bado mtini. Tumepata chini ya thamani yake, najua. Siku anokodi alipokuja kuihesabu sikutoka nje.

Dada anataka nipime na jeni, kwa sababu ya shangazi yetu alokufa kwa ziwa kabla hajafika 45. Kweli daktari naye kashauri, kwamba mwenye hasi tatu katika umri wangu anafaa kupimwa BRCA, ile kasoro ya jeni ya kurithi inayoleta saratani, mana ikiwemo inahusu lile ziwa lililobaki na ovari, na inawahusu dada zangu na binti yangu na hata kaka, mwanamme naye anaweza kuibeba akampa mwanawe. Ntafanya, lakini ina gharama na dripu haiingojei, kwaiyo nimeiweka nyuma kidogo. Binti yangu ana 16. Hilo silifikirii usiku.

Kitu kimoja kimenipa moyo nikwambie. Hii hasi tatu ikitaka kurudi hurudi mapema, hatari yake kubwa ni miaka mitatu ya mwanzo, ukishavuka mitano inashuka sana, tofauti na zile za homoni ambazo zinaweza kukaa hata miaka 15 zikarudi. Kwaiyo mie nna miaka mitano ya kuhesabu. Mwanangu mdogo atakuwa darasa la pili.

Sasa somo naingia kwenye la kukuomba, na kama haiwezekani niambie tu, mie na wewe hatufichani. Kwa kaka Michenzani ni ghorofa ya nne na ngazi zile nikitoka kwenye dripu siziwezi. Kwako Kikwajuni mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja hata nikidhoofu ni bajaji ya dakika chache. Nnaomba kile chumba cha chini. Lakini nataka ujue unachokikubali. Siku ya ile dawa nyekundu nikienda chooni mkojo unatoka mwekundu, usishtuke si damu. Siku mbili za mwanzo dawa inatoka na mkojo na matapishi, choo kimwagiwe maji mara mbili na nguo zangu nifue mwenyewe, au anofua avae glavu. Nywele zitaanza kutoka wiki ya pili ya tatu, ntazinyoa kabla, nimekwishanunua vilemba viwili. Kwenye paklitakseli huenda nikawa na ganzi za vidole, nikiangusha vikombe vyako unisamehe.

Na kubwa kuliko yote ni homa. Baina ya siku ya saba na ya 14 baada ya dripu chembe nyeupe za damu zinashuka, kinga inakuwa hamna, na homa ya 38 wakati huo si ya kulala nayo. Usinipe panadol ukasema tuone mpaka asubuhi, usiseme ni malaria, hata iwe saa nane za usiku unanipeleka hospitali na unawaambia niko kwenye kemo. Watu wanafikiri dripu ndo inaua kumbe mara nyengine ni homa ilopuuzwa nyumbani. Kipimajoto nakuja nacho. Anokohoa au mwenye tetekuwanga asinikaribie, tusigombane na wageni, sema tu daktari kakataza. Chakula chochote kilichopikwa kikaiva nakula, matunda yaoshwe, urojo wa njiani nshauaga mpaka nimalize.

Nataka niondoke Jumamosi na boti ya Mkoani. Jumatatu ni vipimo vya damu na eko, vikiwa sawa dripu ya kwanza Jumatano. Wale wakubwa wawili wanabaki na bibi yao kwa ajili ya skuli, nshakubaliana nao, binti kasema atanipigia kila siku baada ya Isha. Huyu mdogo ndo sijui. Miaka mitatu, toka opareshi hatoki kwenye kanga yangu, usiku ananipapasa kifua upande ule usiokuwepo ananitazama, haulizi. Daktari kasema anaweza kuwa na mie bora asiwe na mafua. Lakini ni mtoto somo, na wewe una wako wanne na mume wako anofanya kazi usiku akalala mchana. Ongea nae kwanza. Nijibu kabla ya Alkhamisi, baba watoto anangoja ajue akate tiketi ngapi.

Wako somo,
Wete